Shingo Kwanza: Kununua Gitaa la Umeme la Mtumba

NEKESA: Karibu tena kipindini, msikilizaji. Mimi ni Nekesa, niko hapa Kisumu na ndugu yangu Otieno, na mvua imetunyeshea tangu saa tisa. Otieno, kuna kijana wa Kakamega ametuandikia. Nimsome?

OTIENO: Msome, dada.

NEKESA: Anasema: "Nimepata gitaa la umeme la mtumba huko Nakuru, shilingi 16,000. Mwenyewe amenitumia picha tano, linang'aa kabisa. Anataka nitume nusu ya pesa leo asije akamuuzia mtu mwingine. Nitume?"

OTIENO: Asitume hata shilingi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gitaa zuri la bei hiyo halihitaji kumharakisha mtu. Halafu picha zinaonyesha nini? Rangi. Mimi nikienda kuangalia gitaa, rangi naitazama mwisho kabisa, wakati tayari nimeshaamua.

NEKESA: Unaanzia wapi?

OTIENO: Shingoni. Na nikimaliza shingo, kazi kubwa imeisha. Pikapu, zile sumaku zinazookota sauti ya nyuzi, zikiwa mbovu, fundi wa redio pale Kondele atazifungua na kuunganisha nyaya. Funguo za kukazia nyuzi zikilegea, zinanunuliwa nyingine. Lakini shingo ikiwa mbaya, umenunua ubao.

NEKESA: Haya, nishikishe hilo gitaa. Niko barazani kwa muuzaji, amenipa. Nifanye nini?

OTIENO: Umewahi kumwona seremala akichagua mbao? Anainua ubao hadi kwenye jicho, anafumba jicho moja, anautazama kwa urefu. Fanya hivyo hivyo. Weka kichwa cha gitaa mbele ya jicho lako, utazame ukingo wa shingo mpaka unapoingia mwilini. Tazama upande wa uzi mnene, kisha upande wa uzi mwembamba. Pande mbili ziende sambamba. Ukiona huu unapanda na ule unashuka, shingo imesokoteka kama kamba. Mrudishie mwenyewe, umshukuru, uende nyumbani.

NEKESA: Hata akishusha bei?

OTIENO: Hata akishusha. Kusokoteka si kama kupinda. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu, na mwishoni mwake kuna mahali pa kuingiza ufunguo wa pembe sita. Kile chuma kinanyoosha shingo iliyovutwa na nyuzi ikawa kama upinde. Kwa hiyo upinde kidogo si shida. Lakini chuma hicho hakiwezi kunyoosha shingo iliyosokoteka, kazi yake ni upinde tu.

NEKESA: Na nitajuaje upinde ni kidogo au umezidi?

OTIENO: Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, yaani kile chuma chembamba cha kwanza kilicholazwa shingoni, kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia, ubonyeze uzi huo huo pale shingo inapokutana na mwili. Sasa uzi wenyewe umekuwa rula. Chungulia freti ya saba au ya nane: kati ya uzi na chuma cha freti kuwe na nafasi ndogo, robo milimita hivi, kama unene wa kadi ya simu ile ya kukwaruza. Kadi ikipita kwa kusugua kidogo, shukuru. Ikiwa kadi inapita bila kugusa na nafasi bado inabaki, muulize muuzaji ufunguo wa kile chuma uko wapi, umwombe azungushe robo mzunguko mbele yako. Kikizunguka, mnaongea bei. Kikigoma, au pembe zake zimelika zikawa mviringo, hilo gitaa limekwisha kujieleza.

NEKESA: Mimi nina la kuongeza hapo, na linaniuma bado. Gitaa langu la kwanza nililinunua jioni, stima imepotea, tukitumia taa ya simu. Aliyeniuzia alikuwa mtu mwenye maneno matamu sana. Lilikuwa gitaa jeusi, lenye kichwa kilicholala nyuma. Nililipiga kanisani miezi miwili. Jumapili ya mavuno, kwaya imeshasimama, nikakaza uzi wa sita, nikasikia kitu kama kuni kavu inavunjwa gotini. Kichwa kikainuka mbele, nyuzi zote zikalegea mikononi mwangu. Kwaya iliimba bila gitaa.

OTIENO: Pole, dada yangu.

NEKESA: Nilipolipeleka kwa fundi, alinionyesha gundi ya zamani imekauka ndani ya ufa, ya manjano kama nta. Lilikuwa limevunjika kabla yangu, likagandishwa, likapakwa rangi nyeusi juu. Sikukasirikia gitaa kuvunjika. Nilikasirika kwamba yule mtu alijua, akanitazama usoni, akapokea pesa zangu.

OTIENO: Na kuvunjika hapo si bahati mbaya. Magitaa mengi ya kampuni ya Gibson, na yale yanayofuata umbo lake, kichwa kimelazwa nyuma kwa digrii 17 hivi. Shingo na kichwa vimechongwa kwenye kipande kimoja cha mti, kwa hiyo nyuzinyuzi za mti hukatika palepale nyuma ya kile kimfupa kinachopitisha nyuzi. Tena ndipo mti unapochimbwa ili chuma cha ndani kifikiwe. Gitaa likianguka chali, hapo ndipo panapopasuka. Ya kampuni ya Fender kichwa kimenyooka, ni nadra kuvunjika hivyo, na shingo imefungwa kwa skrubu nne, unaweza kuifungua yote ukaweka nyingine.

NEKESA: Ndiyo maana sasa sinunui usiku. Nalipeleka gitaa juani, naligeuza, napitisha ukucha polepole nyuma ya shingo, kuanzia kwenye kimfupa kwenda juu. Jicho linadanganywa na rangi, ukucha haudanganyiki. Ukikwama hata kidogo tu, nauliza. Halafu naliinamisha mwanga uje kwa ubavu. Rangi iliyopakwa upya inang'aa tofauti na ile ya kiwandani.

OTIENO: Lakini, tuwe wakweli, ufa uliogandishwa vizuri na fundi anayejua unaweza kudumu miaka. Kosa ni kuficha. Mtu akikuambia mwenyewe, "hapa palivunjika, palitengenezwa," na bei ikaonyesha hivyo, unaweza kulichukua.

NEKESA: Sawa. Tumesoma shingo, tumepita ukucha. Freti je?

OTIENO: Hapo ndipo napapenda mimi. Freti zinakusimulia gitaa limeishi maisha gani. Ukikuta mashimo madogo chini ya nyuzi kwenye freti tatu za kwanza, na huko juu ni safi, hilo limekuwa la kupiga rizimu, huenda la kanisani, Do na Fa na Sol kila Jumapili. Ukikuta zimelika kuanzia freti ya kumi na mbili kwenda juu, huyo alikuwa mpiga solo.

NEKESA: Na huku kwetu ziwani, solo ndiyo benga yenyewe, muziki wetu wa magitaa.

OTIENO: Hasa! Gitaa la benga lilijifunza kwa nyatiti, ile yenye nyuzi nane, inayodonolewa uzi mmoja mmoja kwa haraka, ikijibizana na mwimbaji. Sikiliza marehemu D. O. Misiani na Shirati Jazz: mwimbaji akinyamaza, gitaa linachukua maneno kutoka kinywani mwake, linapanda huko juu ambako freti zimekaribiana. Sasa wewe unayetaka kupiga benga, ukienda kujaribu gitaa kwa kodi mbili za chini, yaani nyuzi kadhaa kupigwa pamoja, umejaribu nini? Panda. Piga freti moja moja, kila uzi, kuanzia ya kumi na mbili hadi ya mwisho. Sauti inayokufa ghafla kama imemezwa, au nyuzi zinazotetema "zzz" mahali pamoja tu, kuna freti iliyoinuka au shingo imeinama pale inapokutana na mwili.

NEKESA: Na jambo la kutyuni, yaani kupatanisha nyuzi, maana kuna magitaa ukiyatyuni wazi yako sawa, ukipanda yanaimba uongo.

OTIENO: Freti ya kumi na mbili iko nusu ya uzi. Gusa uzi hapo juu kwa juu bila kubonyeza, upate ile sauti ya kengele. Kisha bonyeza freti hiyo hiyo. Sauti mbili ziwe moja, na programu ya kutyuni kwenye simu itakuambia. Zikipishana kidogo, usiogope, vile vichuma vya daraja vinavyobeba nyuzi vinasogezwa kwa bisibisi. Ni dakika kumi za kazi. Lakini angalia kwanza kama bado vina nafasi ya kusogea.

NEKESA: Tumeongea nusu saa na hatujachomeka kebo!

OTIENO: Na ndivyo inavyotakiwa. Gitaa la umeme linalolia vizuri bila umeme, ukiweka sikio kwenye pembe ya mwili wake ukasikia linatetema mpaka kwenye taya, hilo lina uhai. Stima ikipotea siku ya kununua, isiwe sababu ya kukata tamaa, fanya haya yote. Ila usilipe mpaka irudi.

NEKESA: Beba kebo yako mwenyewe. Ya muuzaji ikikwaruza atasema ni kebo, na hutajua.

OTIENO: Kweli kabisa. Zungusha nobu zote, vile vifungo vya sauti. Zikikwaruza kama mchanga, ni vumbi, dawa ya kusafishia inatosha. Kelele ya "mmm" ya chinichini ni ya stima yetu ya hezi 50, pikapu za koili moja zote huiokota, geuka upande uone inavyopungua. Mhandisi Seth Lover wa Gibson alitafuta dawa yake mwaka 1955, akaunganisha koili mbili zinazofutiana kelele. Sasa gusa nyuzi kwa kiganja. Kelele ikipungua, waya wa ardhi uko mahali pake. Ikiongezeka, kuna waya uliounganishwa kinyume au uliokatika. Na ukihisi umeme unakutekenya vidoleni, chomoa kila kitu. Hiyo ni amplifaya au soketi, na si ya kujaribu mara ya pili.

NEKESA: Amplifaya tusiipite, kwa sababu mara nyingi vinauzwa pamoja.

OTIENO: Geuza nyuma usome volti. Ya Japani ni 100, ya Marekani ni 120, na sisi hapa ni 240. Ukiichomeka ukutani bila transfoma, utasikia harufu kabla ya kusikia muziki.

NEKESA: Na majina? Kijana wetu anasema lake limeandikwa Squier. Ana wasiwasi ni bandia.

OTIENO: Squier ni jina la Fender wenyewe, wamelitumia kwenye magitaa tangu mwaka 1982, kwa bei nafuu. Epiphone nayo ni ya Gibson. Hayo si bandia. Shingo ya Squier iliyonyooka naichukua mapema kuliko jina kubwa lenye shingo iliyosokoteka.

NEKESA: Jambo langu la mwisho ni pesa. Vyombo vya kanisa vinaibwa, tunajua. Muulize alilipataje, na kama risiti haipo, muandikiane, kila mtu na namba ya kitambulisho. Ukilipa kwa M-Pesa, jina linalotokea lilingane na la aliye mbele yako.

OTIENO: Kwa hiyo kijana wa Kakamega, panda gari la asubuhi, ufike Nakuru jua likiwa juu. Kama yule mtu ameuza kabla hujafika, usihuzunike.

NEKESA: Na kama bado analo, toka nalo nje ya nyumba kabla hujalisifu. Ukishaangalia ukingo wa shingo pande zote mbili, tupigie. Piga freti ya kumi na mbili kwenda juu, uweke simu karibu na mwili wa gitaa. Mimi na Otieno tutakuwa tunasikiliza.