Nyimbo za bunduki na mtoto wa Majengo

FURAHA: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Goma na wa mbali. Mama mmoja wa Majengo ametutumia sauti. Mtoto wake wa miaka 12 anashinda na rap za bunduki kwenye simu, jioni yuko kwenye kibanda cha video. Juzi alimpasua mwenzake kichwa kwa jiwe la volkano. Mama amefuta nyimbo zote, sasa anauliza kama amefanya vizuri.

ESPOIR: Yaya Furaha, mimi niko upande wa mama. Mtoto anaiga. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura, kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mdoli mkubwa wa kujazwa hewa, kwa ngumi na kwa nyundo. Watoto walipoachiwa mdoli, wengi walirudia mapigo yaleyale, hata maneno. Mwaka 1963 akatumia filamu, na bado waliiga.

FURAHA: Waliiga, sikatai. Ila mdoli ule umetengenezwa ili upigwe, ukiangushwa unainuka. Haulii, hautoki damu. Kutoka pale hadi kumuumiza mtu, njia ni ndefu. Baada ya mauaji ya shule ya Columbine, Marekani, 1999, lawama zilimwangukia mwimbaji Marilyn Manson. Baadaye ikajulikana kwamba wale vijana wawili hata hawakuwa mashabiki wake.

ESPOIR: Hiyo ni Marekani, yaya. Sisi tunaishi mpakani na Gisenyi, Rwanda. Hapa nani atasema wimbo hauui?

FURAHA: Mimi siwezi kusema hivyo. Nilikaa siku mbili na kesi ya Simon Bikindi, mwimbaji wa Rwanda, mzaliwa wa upande huohuo wa Gisenyi. RTLM, ile redio ya chuki ya Rwanda, ilipiga nyimbo zake mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi. Desemba 2008 mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha, iliyohukumu kesi za mauaji hayo, ikampa kifungo cha miaka 15. Unajua kwa kosa gani?

ESPOIR: Kwa nyimbo.

FURAHA: Hapana. Majaji walikubali kwamba nyimbo zilichochea chuki na kwamba redio ilizitumia. Lakini alizitunga kabla ya 1994, na haikuthibitika kwamba alizitunga akikusudia watu wauawe, wala kwamba ni yeye aliyezirusha hewani. Kilichomfunga ni maneno yake ya mwishoni mwa Juni 1994, barabara ya Kivumu kwenda Kayove, akiwa katika msafara wenye kipaza sauti. Aliwahimiza watu wawaue Watutsi.

ESPOIR: Lakini nyimbo zilikuwa zimekwisha kulima shamba.

FURAHA: Zililima, Espoir, na linaniuma. Lakini sikiliza: nguvu yake haikuwa mlio wa risasi. Zilikuwa tamu masikioni. Ubaya wake ni kumfundisha msikilizaji kwamba jirani fulani ni adui. Rapa anayejisifia bunduki anajisema mwenyewe. Ninayemwogopa ni yule anayekuonyesha mtu wa kumpiga, iwe kwa wimbo, redioni, au kwa odio ya WhatsApp.

ESPOIR: Hapo nimekupata. Tena hawa watoto wetu hawakungoja filamu. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, walilala chini ya vitanda, mabomu yakipita juu ya mabati. Mtoto wa dada yangu alichonga bunduki ya mbao wiki ileile, na kwao hakuna hata televisheni. Lakini kibanda cha video saa nne za usiku, kwa mtoto wa miaka 12, mimi bado nakataa.

FURAHA: Na mimi nakataa. Saa ile alale.

ESPOIR: Basi lile jiwe lilitoka wapi?

FURAHA: Nilimpigia mama jana. Familia yao ilikimbia vita Masisi. Alipomwuliza mtoto kwa utulivu, bila fimbo, akasema mwenzake amekuwa akimwimbia kila siku njiani kwenda masomo: «Rudini kwenu.»

ESPOIR: Akimwimbia?

FURAHA: Kwa sauti ya mchezo wa watoto, wengine wanaitikia. Mama anataka kujua huyo mwenzake, mtoto wa miaka 11, alilisikia wapi neno hilo.

ESPOIR: Tumtafute baba wa huyo wa pili, yaya. Akikubali, wiki ijayo aje akae hapa na sisi.