Bei ya Nyumba ni Ndogo, Nyongeza Ndizo Zinazokula Hela

Haya wapendwa, habari za huko nyumbani. Leo sipo barabarani, nipo jikoni kwangu, simu nimeiegemeza kwenye sufuria, kwa hiyo ikianguka mnisamehe.

Ngoja niwaonyeshe kitu. Mnaona huu waya mweupe unaotambaa ukutani kutoka pale mlangoni mpaka kwenye birika? Ni ekstensheni. Nyumba mpya kabisa, na mimi natambaza ekstensheni jikoni! Sasa tazameni hii koki inavyong'aa. Kwenye karatasi ya nyongeza ya mjenzi aliyeniuzia nyumba hii, koki hii ilikaribia bei ya soketi tatu. Nikachukua koki. Hakuna aliyeniibia, nilisaini mwenyewe.

Wengi mnajua kwamba huku ughaibuni kuna kampuni zinazojenga nyumba nyingi kwa mpigo halafu zinakuuzia moja kwa mkopo. Kwenye tangazo kuna bei ya msingi, na ile bei wanaibana kweli, kwa sababu kila mtu anaiona na kuilinganisha na ya jirani. Halafu wanakutembeza kwenye nyumba ya mfano: kaunta za mawe, taa za kuning'inia, sakafu ya mbao. Unaipenda. Asilimia kubwa ya ulichokipenda hakimo kwenye bei ya msingi.

Ukishaweka amana wanakuita kwenye chumba cha kuchagulia vifaa vya nyumba yako. Hapo ushafungwa. Huwezi kwenda kwa kampuni nyingine uulize kigae cha bafuni kwako watakiweka kwa bei gani. Aliyepanga bei za chumba kile anajua hilo kuliko wewe.

Mimi nilikataa kigae cha kawaida nikachukua cha daraja la juu. Nikamuuliza dada aliyekuwa ananihudumia, mpole sana, "Sasa kile cha kawaida nisichokichukua mnanipunguzia ngapi?" Akageuza skrini. Cha kawaida walikipunguza kwa bei waliyokinunulia wao, kwa jumla, kigae kitupu. Cha juu walikihesabu kwa bei ya rejareja, na ndani yake kuna gundi, usafiri na fundi. Jamani, fundi si yule yule? Si angebandika hata kile cha kawaida? Kazi yake ilishakuwamo kwenye bei ya msingi, kwa hiyo nimeilipia mara mbili kwenye ukuta mmoja. Nilipouliza, dada akatabasamu akasema ndivyo mfumo ulivyo.

Msidhani nasema mjenzi ni mwizi, hapana. Vigae unavyoviona sakafuni sivyo vyote anavyonunua. Vinakatwa pembeni, vingine vinavunjika, kwa hiyo fundi anaagiza kama asilimia 10 zaidi, na ukitaka vilazwe kimshazari inapanda mpaka 15. Boksi haliuzwi nusu. Halafu kuna ofisi, bima, na dhamana: kigae kikibanduka, yeye ndiye anarudi. Na kitu cha kuagiza maalum kikichelewa wiki mbili, mtu wa kabati anasubiri, fundi bomba anasubiri, mpaka fundi rangi anasubiri. Hayo yote yanaingia kwenye bei yako.

Ila kuweni macho na neno asilimia. Mjenzi akikwambia faida yake ni asilimia 20, wewe unawaza kitu cha 100 atakiuza 120. Sivyo. Wengi wanahesabu faida kutoka kwenye bei ya kuuzia. Kitu cha 100 atakiuza 125, na ile 25 ndiyo asilimia 20 ya 125. Hajakudanganya, mnapiga hesabu mbili tofauti.

Kingine ni mafungu. Kwenye mkataba utakuta fungu la taa, fungu la vigae, fungu la kabati, maana yake wamekutengea kiasi fulani, ukizidisha unalipa tofauti. Mjenzi anayetaka aonekane wa bei nafuu anaweka mafungu madogo. Unaingia dukani na fungu lako la taa, unakuta linatosha taa za korido tu. Na ile tofauti mara nyingi wanaiongezea asilimia yao juu. Muulizeni kabla ya kusaini: hili fungu ni la kifaa tu, au na ufundi na usafiri vimo?

Someni pia kipengele cha bei kupanda. Mnakumbuka 2021 mbao zilivyopaa? Wajenzi waliokuwa wamefunga bei waliumia, na wengi wakajifunza kuweka maneno yanayomtupia mnunuzi mzigo. Kama hakina ukomo, dai ukomo.

Sasa kwenye mkopo ndipo panaponiuma mimi. Dada wa watu anakwambia, "Hii nyongeza ukiiweka kwenye mkopo, ukaigawa kwa mwezi, huioni." Kweli huioni. Lakini mkopo wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 7, kila 100 uliyokopa utarudisha karibu 240. Koki yangu hii nitailipia zaidi ya mara mbili, na kabla sijamaliza itakuwa imeshakufa.

Kwa hiyo ningepewa karatasi ile leo, ningelipia vinavyofichwa na ukuta na zege. Mabomba, mitaro, mabomba ya kupitishia nyaya, soketi, ukubwa wa madirisha, kimo cha dari. Hivyo kuviongeza baadaye ni kuvunja. Koki, taa, vitasa, rangi, vioo vya bafuni, hivyo ningeacha vya kawaida. Sakafu inanipa shida kidogo, kwa sababu kubandua sakafu mkiwa mnaishi humo ndani, na watoto, na vitanda... sakafu ningelipia, kwa shingo upande.

Koki inafunguliwa na spana, nusu saa umemaliza. Soketi, juzi nimemwita fundi umeme akagonga ukuta huu hapa, akasikiliza, akagonga tena. Akasema atapasua kuanzia hapa mpaka kule kwenye boksi la umeme, apitishe waya, apige plasta, na rangi nitafute mwenyewe. Bei aliyotaja, nikamwambia nitampigia.

Ngoja nichomoe simu kwanza, maana inachaji kwenye ekstensheni hiyo hiyo na birika limeanza kulia.