Mkwaruzo wa rangi: udai bima au utoe mfukoni?

Mazungumzo na wenye magari, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunialika. Sikuja kuzungumzia ajali kubwa. Gari ikipinduka hakuna mjadala, kila mtu anajua pa kwenda. Kinachomkosesha mtu usingizi ni kile kidogo: umetoka sokoni na kapu lako mkononi, unakuta mstari mlangoni kama uliochorwa kwa msumari, na aliyeuchora keshakwenda zake.

Kwanza niwatoe wasiwasi wenye bima ndogo. Hiyo ndiyo inayolazimishwa na sheria, na inamlinda yule utakayemgonga wewe. Rangi ya gari yako haimo. Kwa hiyo maneno yangu mengi ya leo yanamhusu mwenye bima kubwa, ile inayolipia na gari yako mwenyewe. Lakini hata wewe wa bima ndogo usinyanyuke, kwa sababu habari ya rangi inatuhusu sote.

Mimi yalinikuta Unguja, Mwanakwerekwe. Gari ya ng'ombe iliyopakia miti ilinipita karibu sana, mti mmoja ukaniparura mlango wa nyuma. Nikakaa wiki sita nikijiuliza: nidai, nisidai? Leo namuuliza huyu, kesho yule. Masika ikaingia. Siku moja naosha gari, napitisha kidole pale, nahisi rangi imevimba pembeni mwa mstari kama ngozi iliyoungua. Nikaibonyeza kwa ukucha, ikabanduka, chini yake kutu. Kazi ambayo ingekuwa ya nusu siku ikawa ya kukwangua mlango mzima kwa msasa, kupaka pati, praima, na kupuliza rangi upya. Ndiyo maana nasema suala la bima linaanzia kwenye gari yenyewe kabla ya kufika ofisini.

Rangi ya gari ni tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa bati, juu yake praima, yaani rangi ya msingi, halafu rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile inayong'aa. Sasa osha pale palipokwaruzwa, kisha pamwagie maji safi. Ukiona mstari umepotea wakati pabichi na unarudi pakikauka, basi umeishia kwenye klia. Halafu pitisha ukucha kwa kukata mstari. Ukiteleza bila kukwama, fundi wa polishi anamaliza kazi, na hapo hakuna haja hata ya kutamka neno bima. Ukucha ukinasa, umeshaingia ndani. Ukiona kijivu, mara nyingi ni praima. Ukiona bati linameta, usilale nalo. Hapa kwetu upepo wa bahari una chumvi, na chumvi na unyevu hazingoji uamuzi wako. Piga picha za karibu na za mbali, kisha funika pale kwa rangi ya kugusia au hata utepe kwa muda.

Na angalia ni sehemu gani. Bampa la gari nyingi tunazoagiza Japani ni plastiki. Plastiki haishiki kutu. Mchubuko wa bampa unaweza kukaa mwaka mzima na gari isidhurike, ila macho yako tu. Mlango wa bati haukupi nafasi hiyo. Watu wanafanya kinyume: bampa linashughulikiwa mbio kwa sababu linaonekana, mlango unaachwa.

Kabla hujamuuliza fundi bei, tazama namba ya rangi. Kwenye Toyota iko kwenye kibati cha maelezo ya gari, pembeni mwa herufi C/TR. Ukikuta 040, ni nyeupe ya kawaida. Ukikuta 070, ni nyeupe ya lulu, inayopulizwa kwa hatua tatu, na kuilinganisha na mlango wa jirani ni kazi kweli kweli. Mikwaruzo miwili ya urefu mmoja, bei mbili tofauti.

Sasa tuchukue kalamu. Nitatoa mfano, nyinyi mtaweka tarakimu za mkataba wenu. Tuseme bima kubwa yako kwa bei kamili ni shilingi 525,000 kwa mwaka. Kwa kuwa hujadai kitu, unapunguziwa asilimia 20, unalipa 420,000. Fundi amekwambia mlango ni 350,000. Mkataba unasema 200,000 za mwanzo katika kila dai ni juu yako. Kwa hiyo kampuni itatoa 150,000. Mtu anasema, si haba.

Subiri. Mwaka ujao, kwa kuwa umedai, punguzo limeondoka, unalipa 525,000 kamili: 105,000 zimekutoka. Mwaka unaofuata, tuseme umerudishiwa asilimia 10, unalipa 472,500: nyingine 52,500. Jumla 157,500. Umepokea 150,000 ukarudisha 157,500, na bado sijahesabu siku za kungoja mkaguzi, fomu, na gari kukaa gereji. Kwa hesabu hiyo mimi natoa mfukoni. Lakini fundi akisema 900,000 kwa sababu upande mzima umeparurwa, kampuni itatoa 700,000, na hapo nadai bila kusita. Nimelipa bima kwa ajili ya siku kama hiyo.

Kama aliyekukwaruza yupo na ana bima, njia ni nyingine: unadai kwenye bima yake, na ripoti ya polisi ni muhimu. Na kama wewe ndiye uliyemkwaruza mtu, nakuombeni sana, toeni taarifa kwa kampuni yenu hata mkiwa mmepatana hapo hapo barabarani. Mtu anaweza kusema "haidhuru, kaka," halafu baada ya mwezi akaja na madai. Mikataba mingi inataka taarifa mapema, na kutoa taarifa si sawa na kudai fidia.

Kuna jambo linaniuma, nalo nitalisema wazi. Mtu ana mkwaruzo mmoja wa jana, anaandika minne, mitatu ya mwaka juzi, na fundi anamsaidia kuchanganya. Mkataba wa bima umesimama juu ya ukweli wa pande zote mbili. Na kwenye takaful, yaani bima ya Kiislamu, zile fedha ni tabarru, michango ya wenzako waliyoitoa kwa nia ya kusaidiana. Mkwaruzo wa mwaka juzi unalipwa na mwalimu wa Wete na mvuvi wa Mkoani ambao hawajadai hata senti. Andika ule wa jana peke yake.

Nilipokuwa naingia nimeona nje gari nyeupe, mlango wake wa nyuma umechubuka. Mwenyewe kama yumo humu na ataniruhusu, nimebeba chupa ya maji. Twendeni tukaitazame kabla jua halijazama.