Kabla Hujafunga Rejeta Kubwa

Mhadhara kwa wenye magari ya zamani, Dar es Salaam

Wazee wangu mlioyaendesha magari haya yakiwa mapya, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie rejeta, na nitapitia gari moja tu, Peugeot 504, kwa sababu ndilo ninalolijua ndani na nje. La kwangu ni la mwaka 1977, nimelirithi kwa marehemu baba. Mwaka 1975 dereva Ove Andersson wa Sweden alishinda mbio za Safari Rally akiwa na 504. Sasa tafakarini: gari lililohimili vumbi lile na joto lile haliwezi kuwa liliundwa na mfumo dhaifu wa kupoza. Lilipotoka kiwandani lilikuwa linapoa. Kama leo linachemsha, kuna kitu kimebadilika, na kazi ya kwanza ni kukitafuta hicho.

Mimi sikukitafuta, na iliniuma. Gari lilianza kuchemsha kwenye mlima wa Kitonga, tukienda Iringa. Kitonga mnaijua: kona juu ya kona, mbele yako lori lenye shehena ya Tunduma, uko gia ya pili, mwendo wa mtu anayetembea. Sindano ya joto ikapanda, tukapaki pembeni, mvuke ukatoka mpaka watoto wakashuka mbio. Niliporudi mjini nikashauriwa nifunge rejeta kubwa. Nikanunua ya alumini, ya gari jingine, pana kuliko ya asili, tukaichongea vyuma vipya vya kuishikilia. Wiki mbili gari liko juu ya mawe. Safari iliyofuata, Kitonga ileile, karibu kona ileile, sindano ikapanda tena.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Joto hutoka kwenye chuma kwenda kwenye maji, maji yakalipeleka kwenye rejeta, rejeta ikalikabidhi kwa upepo. Rejeta ni kituo tu katika safari hiyo. Maji yasipofika, au upepo usipopita, hata ukifunga rejeta ya basi joto litabaki palepale.

Kwa hiyo gari likichemsha, jiulize kwanza linachemsha wapi. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukishika barabara nyeupe, tafuta upepo: feni, mkanda wake, na bati au plastiki inayoizunguka feni ili ivute hewa kupitia rejeta yote. Likitulia kwenye foleni halafu likachemsha ukiwa kilomita 100 kwa saa, upepo unao wa kutosha, basi tazama maji: rejeta iliyoziba, pampu iliyokwisha mapanga, mpira wa chini unaonywea ukikanyaga mafuta. Kitonga ni kipimo kikali kwa sababu inakubana pande zote mbili. Injini inafanya kazi ya kufa na kupona, na upepo wa mwendo haupo. Pale feni ndiyo inayokubeba.

Na feni ya 504 ina jambo lake. Kwenye 504 nyingi haizunguki muda wote. Kuna koili ya sumaku kwenye puli yake. Maji yakishika moto, swichi ya joto inaruhusu umeme upite kwenye kipande kidogo cha kaboni kinachogusa duara linalozunguka, sumaku inashika, feni inafuata puli. Nilipokifungua kile kipande cha kaboni nilikuta kimelika, kimebaki kama punje ya mchele, hakigusi kitu. Feni yangu ilikuwa imekufa, sijui kwa miezi mingapi, nami nimeibadilishia rejeta mbele yake! Na lile bati la kuizunguka feni tuliliondoa kwa sababu halikuenea kwenye rejeta mpya, kwa hiyo hata hewa kidogo iliyokuwepo ilipita pembeni. Kipande cha kaboni kilinigharimu bei ya chakula cha mchana. Kukipima ni rahisi: injini ikiwa inaunguruma na mikono ikiwa mbali, peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye waya wa koili. Feni iking'ata, koili na kaboni ni nzima. Hamia kwenye swichi.

Kabla ya rejeta angalia pia taiming, yaani wakati ambao cheche inawasha mafuta. Platina, ile swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke, ikifunga mwanya, moto unachelewa, na moto uliochelewa unaacha joto jingi kwenye hedi, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda. Angalia gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku: asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, washa. Ukiona mapovu yanakuja mfululizo bila kukoma, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, na hilo rejeta haiwezi kulitibu. Hedi ya 504 ni ya alumini na bloku ni ya chuma, na sleeve zake, yaani mirija ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinaguswa na maji moja kwa moja. Ukiliacha lichemshe mara kwa mara hedi inapinda, na maji yakipata njia ya kuingia kwenye oili utaiona ina rangi ya chai ya maziwa.

Mfuniko wenyewe msiudharau. Iringa iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huko yanachemka kwenye digrii kama 95, si 100. Shinikizo la mfuniko ndilo linaloyazuia. Mpira wa mfuniko ukishakauka, maji yanachemka mapema na wewe unalaumu rejeta.

Na themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, jamani, tuache kuitoa. Najua mafundi wengi wanaitoa kwa nia njema. Lakini kwenye injini nyingi themostati ikifunguka inafunga njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Kuipima unahitaji sufuria ya maji na jiko: itumbukize, tazama kama inafunguka maji yanapokaribia joto lililoandikwa juu yake.

Sasa nirudi kwenye rejeta yenyewe, maana sisemi kwamba kubwa ni kosa. Ile ya asili nilikuwa nimeitupa stoo. Niliipeleka kwa fundi rejeta, akalifungua tangi la juu kwa moto, akanionesha. Mirija ilikuwa imejaa chokaa nyeupe, ngumu kama ukoko wa ndani ya birika. Ni maji ya kisima, yale ya chumvi tunayoyamimina kila asubuhi kwa sababu yako karibu. Mirija karibu theluthi nzima haikupitisha hata waya. Angeweza kuizibua, lakini mapezi, yale mabati membamba kati ya mirija, nayo yalikuwa yanapukutika kwa kidole. Basi tukakubaliana: matangi ya shaba ya zamani yabaki, katikati iwekwe mirija mipya, safu tatu badala ya mbili. Nilichagua hivyo kwa sababu foleni ya leo ya Mbagala si barabara za mwaka 1977, na mimi hupanda Kitonga na familia nzima na mizigo yao.

Faida ya njia hii ni kwamba kila kitu kinarudi mahali pake: matundu ya boliti, mipira ya maji, bati la feni. Hukuchonga kitu. Safu ya nne niliikataa. Upepo ukishapita safu ya kwanza umekwisha kupata joto, kwa hiyo kila safu ya nyuma inapata upepo wa moto zaidi, na unene nao unauzuia upepo kupita. Kama gari lako lina nafasi, ongeza upana kabla ya unene. Na ziba mianya yote ya pembeni kwa sponji au mpira, kwa sababu hewa hupita palipo rahisi.

Siku ya kujaza usiwe na haraka. Nililiegesha gari pua ikiwa juu, nikafungua bomba la hita, nikajaza kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi, huku nikiubana mpira wa juu kwa mkono kutoa hewa. Mapovu yaliendelea kutoka karibu nusu saa.

Wiki iliyofuata tukaenda Iringa. Kitonga, nyuma ya lori, gia ya pili. Sindano ilipanda kidogo, kisha nikaisikia feni ikishika, mngurumo wake ukaingia mpaka ndani ya gari, na sindano ikasimama. Tulipokaribia Ilula, njia ikiwa imenyooka, feni ikaachia yenyewe. Kesho yake asubuhi nikafungua mfuniko injini ikiwa baridi. Maji yalikuwa yamepungua kiasi cha kikombe kimoja, hewa ya mwisho ilikuwa imetoka. Nikaongeza, nikafunga, na tangu siku ile sijaongeza tena.