Mzigo wa Burundi Unashikwa Mara Ngapi?

Ndugu zangu, mnaonifahamu mnajua ninapoanzia, na leo naanzia hapo hapo: mzigo unashikwa mara ngapi? Kilomita tuziache kwanza.

Ngano ya Burundi inayopita kwa reli na ziwa hutoka melini hapa Dar es Salaam, ikaingia kwenye behewa. Kigoma inashushwa, inapakiwa melini tena. Bujumbura inashushwa, inapanda lori. Kila ikishikwa kuna makuli wa kulipwa, kreni ya kusubiri, ghala la kukodi, gunia la kupasuka. Anayelipa yote hayo ni mnunuzi wa mkate.

Sasa Kidatu, kule Morogoro. Nitaisema Kidatu mpaka mnichoke! Reli ya Kati, ile ya kwenda Kigoma, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, reli ya kwenda Zambia iliyojengwa miaka ya 1970, ikapewa milimita 1,067 ili ilingane na reli ya Zambia. Reli mbili zinaanzia mji huu huu mmoja, tofauti yao haifiki vidole vinne, na behewa la huku haliwezi kupita kule. Ikabidi zikutanishwe Kidatu, mzigo utolewe behewa hili uingizwe lile. Vidole vinne! Nani alilipia kosa hilo? Msinijibu kwamba lilikuwa la lazima. Kwa Zambia lilikuwa na sababu, nakubali, lakini gharama yake kwetu haikufutwa na sababu hiyo.

Mtu atasema, basi lori, halishushi njiani. Kweli halishushi. Lakini uzito wa ekseli ukizidishwa mara mbili, uharibifu wa lami hukaribia mara 16. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, ndiyo maana kuna mizani ya malori pale Vigwaza. Burundi haifiki kilomita za mraba 28,000, ni milima mitupu na mvua kubwa. Kila lori tunalolipeleka kule linakula barabara ambayo wao ndio wanaoikarabati.

Haya, reli ya Uvinza hadi Musongati. Naiunga mkono kwa moyo wote, ni SGR, yaani reli ya upana wa kimataifa, milimita 1,435. Ila Musongati ni kwenye madini ya nikeli, siyo Bujumbura, kwa hiyo ngano ile bado itahitaji lori. Na kipande cha SGR cha Tabora hadi Kigoma, kinachopita Uvinza, bado kinajengwa. Kile cha Uvinza hadi Musongati kikitangulia kumalizika, tutawakabidhi Burundi reli mpya inayoishia Uvinza, mzigo ushushwe kwenye behewa la milimita 1,000 upandishwe kwenye la 1,435. Tutakuwa tumejenga Kidatu nyingine kwa mkopo!

Mpaka wetu na Burundi pale Kobero na meli za ziwani nilivipangia nafasi, muda umekwisha. Mkikutana na wahusika, msiwaulize reli ya Burundi itaanza lini. Waulizeni vipande viwili vya reli, cha Tabora hadi Kigoma na cha Uvinza hadi Musongati, vimepangwa kumalizika pamoja au la, na jibu waliandike.