Karatasi ya Berlin, Manowari ya Tanga

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Na nyie vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nimeshawaona.

Mwenyekiti kanipa mada ndefu: ushirikiano wa kimataifa, mamlaka ya nchi na usalama wa kanda, kwa jicho la nchi isiyofungamana na upande wowote. Mimi nina neno moja tu, na wanaonijua wamelisikia barazani kwangu hadi wamelichoka. Nchi haiwi nje ya kambi za wakubwa kwa kutangaza kwamba haina kambi. Inakuwa nje pale inapoweza kumwambia tajiri chukua chako uende, na kesho yake watu wake wakaamka wana unga ndani.

Na msiniletee ile methali ya mafahali wawili na nyasi. Nyasi hazina jeshi, hazina balozi, hazina kura Umoja wa Mataifa kule New York. Sisi tunavyo vyote vitatu. Anayejiita nyasi anatafuta kisingizio cha kutofanya kazi.

Tuanze hapa hapa mjini, maana Tanga ilikwisha kupewa ruhusa ya kukaa nje ya vita, tena kwa maandishi.

Februari 1885 wakubwa wa Ulaya walitia saini mkataba wao Berlin. Habari ya kugawana Afrika kila mtoto wa shule anaijua, siendi huko. Kisichosomwa ni vifungu vya 10 na 11. Waliandika kwamba bonde la Kongo linaweza kuwekwa nje ya vita vyao, na bonde hilo kwa hesabu zao walilivuta mpaka likafika pwani hii ya Bahari ya Hindi. Wao wakichinjana kwao, huku biashara iendelee. Maneno matamu kabisa. Ila ndani mna sharti: mpaka wanaopigana wenyewe wakubali. Yaani mlango una kufuli, na funguo anazo mwizi.

Agosti 1914 vita vikaanza. Gavana wa Kijerumani, Schnee, alitaka koloni lake libaki nje. Alikuwa na reli na mashamba ya katani ya kuyaonea uchungu. Kamanda wake, Lettow-Vorbeck, hakutaka hata kusikia. Manowari za Kiingereza zikaja, Dar es Salaam ikapigwa mizinga kidogo, kisha yakafanyika mapatano na Dar es Salaam na Tanga: nyie msizitumie bandari kwa vita, nasi hatutazipiga. Wakubwa wa jeshi la majini London wakakataa kuyathibitisha. Basi mapatano yakawa yapo na hayapo.

Tarehe 2 Novemba manowari inayoitwa Fox ikasogea bandarini. Nahodha wake, Caulfeild, akamwita mkuu wa wilaya wa Kijerumani, bwana Auracher, apande melini. Akamwambia mapatano yamekwisha, nakupa saa moja usalimishe mji. Halafu akamuuliza, na hapa naomba msikilize vizuri: je, bandari imetegwa mabomu? Anamuuliza adui yake! Auracher akamjibu kiungwana kwamba hana budi awaulize kwanza wakubwa wake. Akashuka, habari zikapigwa kwa Lettow-Vorbeck, na mwenyewe akaenda kuvaa sare ya vita. Saa ile moja ikapita. Caulfeild akaendelea kuukagua mlango wa bandari akisaka mabomu. Hapakuwa na bomu hata moja. Na wakati anasaka, treni zinashuka kutoka Moshi zimejaa askari.

Waliokuja kuuchukua mji walikuwa kama 8,000, wengi wao Wahindi, waliorundikwa melini tangu Bombay wiki zaidi ya mbili, wamechoka kwa kutapika. Wakateremshwa huko Ras Kazone usiku, wakaambiwa waende mbele ndani ya vichaka na mashamba ambayo hakuna aliyewachorea ramani. Waliowangoja hawakuzidi sana 1,000, na sehemu kubwa ya hao ni askari Waafrika.

Nyuki, naam. Najua mnangoja nyuki. Tarehe 4 risasi zilichokoza makundi ya nyuki mitini, wakatoka kwa hasira. Baadaye Waingereza wengine walidai Wajerumani ndio waliowatega. Uongo mtupu, kwa sababu Wajerumani nao waliumwa. Siku ile hapa Tanga asiyekuwa na upande alikuwa nyuki peke yake, na alieleweka kwa sababu alikuwa na mwiba.

Tarehe 5 wageni walikuwa wamesharudi melini, wameacha pwani bunduki za rashasha na risasi kama laki sita. Hasara yao, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, ni zaidi ya watu 800. Sisi tunasema Tanga waja leo, waondoka leo. Hawa walikawia siku tatu.

Mnacheka, na mimi nacheka kila ninapoisimulia, lakini niambieni: Mdigo wa Chumbageni aliulizwa? Mbondei wa Muheza aliulizwa? Karatasi ilikuwa ya Ulaya, amri za Ulaya, risasi za Ulaya, na vita vile vikaendelea katika nchi hii na za jirani mpaka Novemba 1918, wapagazi makumi kwa makumi ya maelfu wakifia njiani kwa njaa na kuhara. Hiyo ndiyo amani ya kuandikiwa na wengine. Inadumu mpaka asubuhi ile mmoja wao atakapoona haimfai.

Sasa kuna mtu hapa anajiambia, mbona Uswisi imeweza? Kila nikizungumza lazima atokee mtu wa Uswisi. Ndugu yangu, Uswisi ilitambuliwa mwaka 1815 na wakubwa wale wale, kweli. Lakini haikwenda kulala. Vijana wake wa kiume wanaitwa jeshini kwa sheria, na chini ya nyumba zake wamechimba mahandaki yanayotosha takribani watu wote wa nchi. Umoja wa Mataifa wenyewe, ambao una ofisi Geneva miaka yote hiyo, walijiunga nao mwaka 2002 tu, baada ya kuwauliza wananchi kwa kura. Na Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, Uswisi hiyo hiyo ilifuata vikwazo vya Umoja wa Ulaya. Hata yeye ana kiwango chake cha kuvumilia.

Austria nayo ina somo, na ningependa walimu walifundishe. Baada ya vita vya pili ilikaliwa na majeshi ya mataifa manne miaka kumi. Wasovieti walikubali kuondoka kwa kuahidiwa kwamba Austria haitajiunga na kambi. Lakini wenyewe walingoja kwanza wageni watoke, ndipo tarehe 26 Oktoba 1955 bunge lao likapitisha sheria: hatuingii muungano wa kijeshi, hatuweki kambi ya jeshi la kigeni. Ulikuwa ni ujanja mzuri, ili isionekane wameandika huku bunduki iko kisogoni. Kisha wakaifanyia kazi nafasi hiyo. Shirika la nguvu za atomiki likawekwa Vienna, na OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, wenye nchi za Kiafrika ndani yake, iko Vienna tangu 1965. Wenzetu kutokuwa na kambi wamekugeuza ajira na mapato. Finland nayo, yenye mpaka wa kilomita zaidi ya 1,300 na Urusi, ilipima mambo upya, na Aprili 2023 ikaingia NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Siwalaumu. Mwenye mpaka ndiye ajuaye anavyolala.

Turudi nyumbani. Mwaka 1965, ambao vijana mnausikia kama zama za Nuhu, nchi hii ilikosana na Ujerumani Magharibi, Marekani na Uingereza ndani ya miezi kumi na miwili. Ya Ujerumani ndiyo nitakayoisema. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, walikuwa na kanuni: ukiitambua Ujerumani Mashariki, sisi na wewe basi. Zanzibar ilikuwa imeshaitambua kabla ya Muungano. Nyerere akatafuta njia ya kati, Ujerumani Mashariki iwe na konseli Dar es Salaam bila ubalozi kamili. Bonn wakakasirika, wakawaondoa wakufunzi wao waliokuwa wakifundisha jeshi letu changa la anga. Walidhani tutapiga magoti. Mwalimu akawaambia wachukue na misaada iliyobaki. Wakanada wakaja kufundisha jeshi. Desemba ya mwaka huo huo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako walowezi wachache walijitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaenda na maji.

Najua mtakachosema: mzee, mikopo ile ingejenga shule. Ndiyo, ingejenga. Sijasema ilikuwa bure, nasema tulilipa, na ndiyo maana neno letu lilikuwa na uzito. Mwaka 1968 vifaru vya Kisovieti vilipoingia Czechoslovakia, tuliwalaani Wasovieti bila kumung'unya. Aprili mwaka huo tulikuwa tumeitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, Afrika karibu yote ikatushangaa. Unaweza kusema Biafra tulikosea, tubishane mpaka alfajiri. Lakini hakuna aliyesema hatukuwa na kauli.

Linganisheni na tarehe 2 Machi 2022. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa linapiga kura juu ya Ukraine: 141 ndiyo, 5 hapana, 35 wakajizuia. Sisi tulikuwa kwenye hao 35. Kenya, jirani yetu hapo Horohoro, ilisema ndiyo. Mimi sina ugomvi na kujizuia. Kuna hoja nzuri za kujizuia, naweza kuzitoa saba nikiwa usingizini. Ugomvi wangu ni kwamba nimeuliza watu wasomi kabisa mjini hapa tulipiga kura gani siku ile, wakanitazama kama nimewauliza bei ya ngamia. Miezi michache baadaye bei ya mafuta ikapanda mpaka Juni serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi mmoja. Dereva wa bodaboda pale Ngamiani alilipia vita vile kila alipojaza tangi, na hakuna aliyemweleza kwa Kiswahili cha kawaida nchi yake imesimama wapi na kwa nini. Anayekaa kimya kwa sababu amepima, na anayekaa kimya kwa sababu anaogopa kukosa mkopo, kwa mbali wanafanana sana. Kazi ya serikali ni kututofautishia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sawa, sawa, nakimbia.

Usalama wa kanda nilikuwa na kurasa nyingi, nitasema kidogo. Oktoba 1978 Idi Amin wa Uganda alipoichukua Kagera, Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani, ulitaka tupatane. Tulipomwondoa, mkutano wa Monrovia 1979 wengine wakatulaumu sisi. Gharama tulizibeba wenyewe na hazina ikaumia miaka mingi. Toka hapo mimi siamini jumuiya yoyote itakayokuja mbio usiku ukiita. Siamini pia kwamba tuzikimbie. Kongo wanajeshi wetu wamekufa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Desemba 2017 pale Semuliki shambulio moja lilituulia vijana kumi na watano. Msumbiji tulipeleka jeshi pamoja na wenzetu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa sababu Cabo Delgado, penye uasi wa wenye silaha, ni ng'ambo tu ya Ruvuma na moto ule ulishafika Mtwara.

Ugumu wa kweli uko Kongo. Kongo na Rwanda wote ni wenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo ni mwenzetu pia SADC, na SADC ilipeleka jeshi kumsaidia, vijana wetu wakiwamo. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ilipoangukia mikononi mwa waasi Januari 2025, waasi ambao Kongo inasema wanasaidiwa na Rwanda, sisi tulikuwa ndugu wa pande mbili zinazoshutumiana na askari wetu wako katikati. Mkutano wa jumuiya zote mbili ukafanyika Dar es Salaam Februari 8. Hiyo ilikuwa nafasi yetu ya kuwa Vienna. Kama tuliitumia ipasavyo, hilo nawaachia mlijadili, ila mimi nawaambia mpatanishi asiyeweza kumwambia rafiki yake umekosea hana tofauti na mtoa huduma ya chai.

Baraza la Usalama na viti vya Afrika naruka. Miaka ishirini tunadai viti viwili vya kudumu, nanyi mnajua vimefika wapi.

La mwisho, kwa sababu mtaniuliza tu: bomba la mafuta. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa Tanga, nyingi zikiwa katika ardhi yetu, nasi kupitia TPDC, shirika letu la mafuta, tuna asilimia 15. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga. Wengi mlikasirika, na mimi nilikasirika, kwamba wanatuingilia. Lakini mwenye hisa kubwa kuliko wote, asilimia 62, ni kampuni ya Kifaransa. Sasa mtu akinitetea mamlaka ya nchi kwa bomba ambalo Mfaransa ana 62, nitamwomba kwanza aniambie mikataba yake imesomwa wapi, na fidia ya minazi ya watu wa pwani ilihesabiwa vipi. Huko ndiko mamlaka ya nchi yanakoanzia, kwenye daftari la fidia.

Nimezidisha dakika, mwenyekiti niwie radhi. Kipaza sauti apewe kwanza yule bwana wa Chongoleani mwenye kofia. Mkono wake uko juu muda mrefu na sidhani kama ananyoosha ili anisifu.