Bila Mradi Wako Binti Angekuwa Wapi?

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana mambo. Mwenyekiti kaniomba niongelee mbinu za kisasa za tathmini kwenye miradi ya mabinti wajawazito na mama vijana, nikamwambia sawa, ila akijua kabisa kwamba nitasema lilelile ninalosema kila nikiitwa. Walionisikia mara nyingi wavumilie, chai ipo.

Historia sirudii. Aliyoyasema Rais Magufuli Chalinze Juni 2017, kwamba mwanafunzi akizaa harudi shule, mnayajua, waraka wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu warudi mnaujua, na hiyo miaka ya katikati kila mtu humu ndani anajua alivyoishi na ofisi yake. Leo binti akijifungua ana miaka miwili ya kurudi shule, asipotaka kurudi kukaa na wadogo zake darasani kuna vituo vya Elimu ya Watu Wazima, kuna FDC, vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambako baadhi wana hadi chumba cha kuangalizia watoto, na kuna nyie na asasi zenu. Hela ipo. Siyo nyingi lakini ipo, na ikiwepo hela inakuwepo ripoti, na mimi kazi yangu ndo kuzisoma hizo ripoti, jamani nimezisoma mpaka naweza kuandika moja usingizini.

Ripoti yenyewe iko hivi, namba natunga hapahapa ili msinishikie bango. Mabinti 120 walisajiliwa. Siku ya kwanza asilimia 10 walikuwa na kipato chochote, baada ya mwaka na nusu asilimia 60. Siku ya kwanza wengi walisema hawana matumaini ya maisha, mwishoni wengi wanayo. Picha ya binti anacheka na mtoto mgongoni. Kwa hiyo mradi umebadili maisha, tunaomba awamu ya pili.

Sasa nauliza swali moja tu. Huyo binti umemsajili lini?

Umemsajili siku mbaya kuliko zote maishani mwake, si ndio? Ana miaka 16, mtoto ana miezi miwili, baba mzazi kamfukuza yuko kwa shangazi, kijana aliyempa mimba kaikana au kapotelea machimboni, usiku halali, asubuhi anaona wenzake wanapita na yunifomu. Hapo ndo mhojaji wako anakuja na tableti yake anamuuliza dada unasoma? Hapana. Una kipato? Hapana. Unajionaje miaka mitano ijayo? Analia. Mhojaji anaandika sifuri, sifuri, sifuri. Halafu unarudi baada ya miezi 18. Mtoto kaacha ziwa, anatembea. Bibi yake aliyekuwa hataki hata kumuona, siku mtoto kamwita bibi hasira zikaisha, sasa ndo anayemlea na ukimgusa huyo mtoto anakuwa mkali. Binti anauza maandazi stendi, au yuko saluni anasuka, au kaenda kujiandikisha mtihani wa maarifa, ule unaomfungulia mtihani wa kidato cha nne nje ya shule. Unamuuliza maswali yaleyale, kila kitu kimepanda. Kwani ulitegemea kishuke? Alikuwa chini kabisa! Kutoka pale njia ilikuwa moja tu ya kupanda, na hata kama ofisi yako nzima ingelala hiyo miezi 18, mtoto angeacha ziwa na bibi angelainika.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Sijasema mradi haujafanya kitu, mzee wangu. Nasema hiyo ripoti haiwezi kutuambia kama umefanya au haujafanya, hayo ni mambo mawili tofauti. Ninachotaka kujua siyo binti alikuwa wapi na sasa yuko wapi, nataka kujua bila wewe angekuwa wapi. Na hilo huwezi kulijua kwa kumwangalia yeye peke yake hata ungemhoji kila wiki, lazima kuwe na binti mwingine wa kufanana naye ambaye hakuupata mradi.

Siyo maneno yangu ya kujitungia. Marekani mwaka 1989 walianzisha kitu kinaitwa New Chance, taasisi moja ya utafiti inaitwa MDRC ndo iliyosimamia, kwenye vituo 16 katika majimbo 10. Mama vijana wa miaka 16 mpaka 22, waliozaa wakiwa wadogo, wameacha shule, wanaishi kwa msaada wa serikali. Na mradi haukuwa wa kubahatisha, ulikuwa na kila kitu ambacho mimi na nyie tunakiota tukiandika maombi ya fedha: masomo, mafunzo ya kazi, malezi, uzazi wa mpango, afya, ushauri nasaha, na sehemu ya kumwacha mtoto. Sasa walichofanya cha maana, walioomba walipigiwa kura, ile ya bahati nasibu, wengine wakaingia New Chance, wengine wakaambiwa nyie endeleeni na maisha yenu na huduma nyingine zozote mtakazozipata mtaani, na makundi yote mawili yakafuatiliwa miaka mitatu na nusu, zaidi ya akina mama 2,000.

Walioingia mradi walienda mbele. Wengi zaidi walipata GED, kile cheti cha sekondari cha kufanyia mtihani pembeni, tuseme kama mtahiniwa wa kujitegemea kwetu. Kazi zikaongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Ukiangalia hilo kundi peke yake unaita waandishi wa habari na keki unakata. Ila ukigeuka kuangalia kundi la pili, nalo limeenda mbele! Nalo limetafuta masomo kwingine, nalo limepata kazi, watoto wamekua. Mwisho wa siku kwenye ajira na kipato hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi. Cheti walikuwa nacho wengi zaidi, ndiyo, lakini hakikuwa kimegeuka kuwa mshahara. Uzazi wa mpango ulifundishwa, mimba za pili hazikupungua. Na kuna jambo lilinikosesha raha nilipolisoma mara ya kwanza, akina mama wa mradi ndio walioripoti msongo zaidi wa malezi na watoto wao kuwa na tabia ngumu zaidi kuliko wale ambao hawakuguswa na mtu. Yaani unamsaidia mtu na pengine umemwongezea mzigo, unamtoa asubuhi kwenda darasani, mtoto kabadilishiwa mlezi, jioni wote wawili wamechoka.

Bila kundi la pili hayo yote yasingejulikana. Ripoti ingeandikwa vizuri tu, ya kweli kila namba, na ingekuwa imetudanganya.

Najua sasa hivi kuna mtu anasema moyoni hayo ni ya Wazungu na ruzuku zao, binti wa Uvinza anahusikaje. Anahusika. Sikuletei mradi wao uunakili, nakuletea kosa waliloliepuka. Na kama unataka Afrika, Zomba pale Malawi mwaka 2008 na 2009 walipiga kura ya kugawa fedha taslimu kwa wasichana na familia zao, kundi moja kwa sharti la kuhudhuria shule, kundi lingine bila sharti lolote, la tatu halikupewa. Kwenye masomo kundi la masharti likashinda. Kwenye mimba na ndoa za mapema likashinda kundi lisilo na masharti, sababu msichana aliyeacha shule kwenye kundi la masharti hela inakatika palepale, na huyo ndiye aliye jirani kabisa na kuolewa, mwenzake hela anaendelea kuipata. Kwa hiyo ukiulizwa upi mradi mzuri jibu linategemea ulipima nini, na aliyechagua cha kupima ameshachagua mshindi kabla hata hamjaanza. Mfadhili anapokuandikia viashiria huko kwao halafu wewe unasaini tu ili hela itoke, hilo ndo unalosaini.

Halafu kuna suala la ulinganishe na nani, hapa naomba dakika tano. Kuna mradi wa wauguzi kumtembelea nyumbani mama mwenye mimba ya kwanza mpaka mtoto anafika miaka miwili. Ulianzia Elmira, mji mdogo jimbo la New York, miaka ya 70 mwishoni, chini ya David Olds, akina mama 400, wengi wadogo na maskini. Matokeo yalikuwa mazuri na walifuatilia watoto kwa miaka 15. Waingereza wakauchukua wakaupeleka kwa mama wa miaka 19 kushuka chini, ziara mpaka 64, ukapendwa sana, wauguzi wanaupenda, mabinti wanaupenda. Wakaupima kwa kura, mama vijana zaidi ya 1,600, majibu yakachapishwa 2016. Uvutaji sigara mwisho wa ujauzito, hakuna tofauti. Uzito wa mtoto kuzaliwa, hakuna. Mimba nyingine ndani ya miaka miwili, hakuna. Mtoto kukimbizwa hospitali, hakuna.

Kwa nini kule ndiyo na huku hapana? Siyo kwamba wauguzi wa Uingereza wavivu. Ni kwamba binti wa Kiingereza asiyekuwa kwenye mradi hajatupwa, ana mkunga, ana mhudumu wa afya wa kumtembelea, matibabu bure. Elmira ya miaka ile asiyekuwa kwenye mradi hakuwa na mengi. Tofauti inapimwa dhidi ya kilichopo, na kwetu kilichopo Kinondoni sicho kilichopo Tanganyika DC kule Katavi, kwa hiyo mtu akiniambia mradi umefanya kazi Dar tuupeleke Katavi namuuliza kwanza Katavi wana nini. Ah na nilitaka kusahau, baadaye walipofuatilia watoto wa ule utafiti wa Uingereza mpaka wanaanza shule wakakuta walio upande wa wauguzi wako mbele kidogo kwa utayari wa shule. Ungefunga kitabu mtoto ana miaka miwili usingeliona hilo. Miradi yetu inafungwa mtoto hata kusema vizuri hajaanza.

"Mama, lakini huwezi kuwanyima mabinti huduma kwa sababu ya utafiti." Hili nalijibu kila mwaka. Kwani sasa hivi huwanyimi? Una nafasi 40, wamekuja 110, nani anaingia? Anaingia mtoto wa dada yake mtendaji, anaingia anayekaa karibu na ofisi, anaingia anayejieleza vizuri, wale 70 wanarudi nyumbani na hakuna anayeandika hata majina yao. Mimi nasema andika majina 110, weka vikaratasi kwenye kofia, mchana kweupe mbele ya wazazi, 40 waanze sasa na waliobaki wasubiri awamu zinazofuata. Hakuna aliyeonewa, mtendaji kapumua, na wewe una kundi la kulinganisha ambalo hujalilipia hata senti. Wazazi wanaikubali hiyo kura, wanaoikataa ni maofisa wa miradi na tunajua kwa nini.

Na usiniambie kitaifa mimba zimeshuka kwa hiyo tunafanya vizuri. Ndiyo zimeshuka, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwishazaa au wenye mimba walikuwa asilimia 27 kwenye utafiti wa 2015/16, mwaka 2022 asilimia 22. Hizo ni za nchi nzima, kila mtu aliyepita na semina anaziweka kwenye ripoti yake kama zake. Kenya nao kutoka 18 mwaka 2014 kuja 15 mwaka 2022 huku kaunti ya Samburu peke yake iko 50. Wastani wa nchi haukuambii kitu kuhusu mradi wako wa kata tatu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya haraka haraka.

Cherehani. Kwa nini kila mradi ni cherehani? Nchi hii ina mabinti wenye vyeti vya ushonaji kuliko nguo za kushona. Kiashiria ni "vyerehani vilivyogawiwa", nenda baada ya miezi sita uulize viko wapi, vingine vimeuzwa mtoto alipougua, na mimi sioni kosa la binti hapo, kauza mali kamtibu mwanae, ila wewe umeandika amejiajiri.

Mtoto. Tunaita mradi wa mama na mtoto, mtoto hapimwi, hata uzito ambao uko kwenye kadi ya kliniki bure kabisa hatuuandiki.

Wababa wa hao watoto nilikuwa na kurasa nzima, sheria ya 2016 ile ya miaka 30 jela kwa anayempa mimba mwanafunzi na jinsi inavyofanya familia zifiche na mabinti wadanganye kwenye dodoso, naiacha, ni mhadhara mwingine. Gharama kwa kila binti nayo naiacha, ila mjue hakuna ripoti hata moja kati ya nilizosoma mwaka huu iliyoiandika.

Dada wa nyuma uliyeuliza utawapataje baada ya miaka miwili wakati wanabadilisha laini kila siku. Usichukue namba yake peke yake, yake ndo ya kwanza kupotea. Chukua ya mama yake au bibi, ya jirani mwenye duka, na ya kanisani au msikitini wanakoswali, uziandike siku ya usajili, halafu piga kila baada ya miezi mitatu hata kusalimia tu. Bajeti ya vocha iweke kwenye andiko tangu mwanzo, na wale 70 ambao kura haikuwaangukia wapigie vilevile.